Jini Aliyecheka Akisoma

Nani alimfunga jini Kashkashi katika nyumba ya vitabu, na kwa kosa gani, mimi sikupata kujua. Nimewauliza wazee na wanazuoni, na kila mmoja alinipa jawabu lake, na hakuna majawabu mawili yaliyolingana. Nijualo ni kwamba katika mji wa Tamrani, zama za Sultani Jabir bin Wazani, jini huyo aliilinda nyumba ile kwa sharti moja: kitabu kisitoke, na mtoto asiingie mpaka asome herufi zote mbele ya Mwalimu Ghalibu bila kukosea.

Na desturi ya mji ilikuwa kwamba mtoto akikosea herufi, hata ikiwa ya mwisho, hurudi kwenye ya kwanza. Mwalimu Ghalibu hakuwa mtu mbaya; alivipenda vitabu kama mboni za macho yake, na yeye mwenyewe alifundishwa hivyo hivyo. Lakini watoto wa Tamrani walikua wakidhani kitabu ni ndugu wa fimbo.

Ikawa Sultani ameanza kupofuka, na sheria ya kiti chake ilitaka mtawala asome malalamiko ya raia kwa macho yake mwenyewe. Akishindwa, amwachie mrithi asomaye, na kama hakuna, kiti kiende ukoo mwingine. Mrithi alikuwa mmoja tu, binti yake Badia, naye alikuwa amerudishwa mwanzo mara nyingi hata akaapa hatagusa kitabu maisha yake.

Alasiri moja Badia alitoroka darasani na kujificha chini ya dirisha la nyumba ya vitabu, na humo ndani akasikia kicheko kikubwa hata njiwa wakaruka darini.

"Unacheka nini, ewe jini?"

"Namcheka punda aliyefanywa kadhi, bibi yangu. Ameketi barazani, na wadai wawili wamempigia magoti."

"Akahukumuje?"

"Ukinisemesha, hatutajua sote wawili."

Basi jini akamsomea dirishani, maana sharti lilikataza kitabu kutoka, halikukataza sauti. Na punda alipofungua kinywa ahukumu, jini akaugeuza ukurasa upande wa binti. "Koo limenikauka. Hukumu yenyewe hii hapa."

Badia akasoma kwa kidole, akakosea, akasimama akingoja kurudishwa mwanzo.

"Mbona umesimama?" akasema jini. "Kadhi anatungoja."

Kesho yake Badia akaja na binti wa mpishi, na haikupita muda dirisha likajaa watoto wakisukumana. "Wewe ulisoma jana," wakaambiana, "leo meza mate."

Mwalimu Ghalibu alipowakuta, alikwenda kwa Sultani akiwa na huzuni.

"Bwana wangu, kurasa zina alama za vidole vya halua."

"Na binti yangu anasoma?"

"Anakosea, bwana wangu."

Sultani akaamuru baraza, na mbele ya watu Badia akapewa lalamiko asilopata kuliona. Akasoma mstari wa kwanza na wa pili, na katika wa tatu akajikwaa.

"Rudi mwanzo," akasema Mwalimu, kwa mazoea.

"Niwie radhi, mwalimu wangu, siwezi. Mama huyu jirani yake amekizungushia ua kisima chake, na bado sijajua watoto wake wanakunywa nini."

Na mwenye lalamiko alikuwapo nyuma ya baraza. "Maji ya mtaroni, mwanangu," akasema. "Wewe soma tu."

Akasoma, akijikwaa na kuendelea, mpaka mwisho, na Sultani akaamuru ua ule ubomolewe. Mwalimu Ghalibu akainamisha kichwa. "Miaka yote hii," akasema, "hakuna mtoto aliyepata kuniuliza kinachofuata."

Basi ikaamuliwa kwamba kiti ni cha Badia. Na desturi ya kurudi mwanzo iondolewe. Na vitabu vitoke viende mitaani, watoto wachague wapendacho, na kitakachochanika kishonwe. Jini akapewa ruhusa aende zake, naye akasema rafu za juu bado hajazimaliza. Na Mwalimu Ghalibu ndiye aliyefungua makufuli kwa mkono wake mwenyewe, na jini akayabeba makasha begani, wakaanzia mtaa wa wafinyanzi, kwani huko ndiko watoto walikokuwa wengi zaidi.