Uradi wa Bi Mize

Itikieni polepole, wenzangu, maana hata mimi leo nimechoka.

Hapo kale zimwi lilikaa kisimani, na aliyelizuia lisitoke alikuwa Bi Mize, ajuza wa kijiji. Kila alasiri alisoma uradi alioachiwa na bibi yake: majina arobaini ya watu waliomezwa na zimwi hilo, kwa mpangilio uleule, bila kupunguza hata moja. Sharti lake ni kwamba anayeumaliza atausoma tena kesho, na kesho kutwa, mpaka apatikane mwingine wa kuusoma wote. Wanakijiji walichota maji wakaenda zao.

Siku moja sauti ilimkauka, zimwi likatoa kidole. Siku ya pili alisinzia katikati, likatoa mkono. Siku ya tatu akaruka jina moja, likatoka zima.

"Umeruka jina, Bi Mize. Leo nakumeza."

"Nimeze, mwanangu, angalau nitapumzika. Ila jina lenyewe silikumbuki. Wewe unalikumbuka?"

"Nitasahauje? Wote niliwameza mwenyewe."

"Hata kwa mpangilio?"

Zimwi likavimba kwa majivuno, likaketi, likayataja yote arobaini. Lilipomaliza la mwisho, miguu ikaganda palepale.

Kesho yake alasiri likajikuta linasoma tena. Bi Mize alikuwa kwake, amelala mkekani, midomo ikimcheza jina baada ya jina.

Nami hadithi nimeimaliza. Nani kati yenu ataisimulia kesho?