Mboga ya Saba

Sogeeni, na aliye na usingizi akanawe uso, kwa sababu mwisho wa hadithi hii umeachwa mikononi mwenu.

Kusini mwa Bara Hindi, katika kijiji cha wakulima wa mpunga, aliishi mjane aitwaye Valiama. Alikuwa na wana watatu, na kila mwana alikuwa na mke. Poni, mke wa mkubwa, alijaliwa macho: sindano ikianguka kwenye pumba, yeye ndiye aliyeitwa. Kamachi, mke wa wa kati, alijaliwa ulimi: akionja mchuzi alikwambia maji yake yametoka kisima gani. Sivakami, mke wa mdogo, alijaliwa mikono: sufuria ambayo wanaume wawili waliiinua huku wakigombana, yeye aliibeba peke yake akiimba.

Nyumba ilikuwa moja. Desturi ya pale ni kwamba mama mkwe akichoka humkabidhi mkaza mwana mmoja mwiko wa jikoni. Mwenye mwiko hubaki na nyumba, yeye na mumewe. Wengine hufunga mizigo na kwenda kuanza upya kwenye shamba la mlimani, penye mawe na pasipo kisima. Valiama alikuwa ameapa kwa Jua, ambalo huko ndilo Mungu wa mavuno, kijiji kikisikia: mwiko angeutoa siku ya sikukuu ya mavuno, kabla ya machweo, kwa yule ambaye bila yeye siku hiyo ingeharibika.

Siku ilianza vibaya. Wali wa maziwa uliochemshwa uani ulifurika, kama inavyotakiwa, lakini ulimwagikia upande wa kusini, upande wa mauti. Watoto walishangilia. Valiama hakushangilia. Alikwenda ghalani kuchukua boga, kidole chake kikazama ndani. Lilikuwa limeoza.

Mchuzi wa sikukuu hiyo hupikwa kwa mboga saba. Sita haziwezekani, kwa kuwa hesabu ya shufwa ni ya matanga. Valiama alizunguka nyuma ya nyumba, akachuma mumunye kwenye mmea uliotambaa juu ya ua, mmea ambao hakuna aliyeupanda.

"Mumunye ni mumunye," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mboga zikakatwa. Nazi ikakunwa, ikasagwa pamoja na pilipili mbichi na jira. Mchuzi huo hauonjwi jikoni. Jua hutengewa kwanza, na anayeonja kabla amemnyang'anya Mungu tonge. Ukishatengwa, hakuna anayeukataa. Hata ukiwa mchungu, unamezwa.

Poni ndiye aliyempelekea ng'ombe maganda. Ng'ombe alikula ya ndizi mbichi, akala ya viazi vikuu. Alipofika kwa ya mumunye alinusa, akarudi nyuma hadi kamba ikakaza. Poni aliona. Alinyamaza, kwa sababu aliyelichuma ni mama mkwe. Alinyamaza mpaka mchuzi ukaiva na wageni wakaanza kuketi mbele ya majani ya mgomba.

"Mama," alisema hatimaye, "ng'ombe amelikataa lile mumunye."

"Basi tusimwalike. Tangu lini umekuwa mganga wa ng'ombe?"

"Nawakumbuka wale wa ng'ambo ya mto, Mama. Walikula mumunye chungu. Maiti tatu zilichomwa siku moja."

Valiama alitazama sufuria.

Kamachi ndiye aliyechukua upawa. "Kamachi, Jua halijala!" Valiama alimkemea, lakini upawa ulikwisha kufika mdomoni. Nazi ilikuwa imeufunika uchungu, kwa hiyo akaonja tena apate hakika.

"Huu si uchungu wa mboga ya karela," alisema. "Huu unashika koo. Msiwape watu."

Muda si mrefu alijikunja mlangoni akatapika. Mara ya pili alitapika damu.

Valiama alimshika kichwa. Hofu ilimwonyesha njia aliyoizoea tangu utotoni: aliyeonja kabla ya Mungu ameadhibiwa. "Jua limekasirika," alisema. "Upesi, tulitengee, wageni wale, labda atasamehewa. Sivakami, beba!"

Sivakami ndiye aliyebeba. Alipita katikati ya safu za wageni, mvuke ukimpiga usoni.

"Shemeji, usiumalize mchuzi njiani!" mmoja alimtania, wakacheka.

Sivakami aliwatazama watoto wa safu ya mbele, mikono yao ikiwa imeoshwa. Akaipindua sufuria. Mchuzi ulimmwagikia miguuni. Hakupiga kelele. Waliopiga ni wageni.

"Chakula cha Mungu mavumbini!"

"Afadhali mavumbini kuliko matumboni," alisema, kisha akaketi, kwa sababu miguu haikumbeba tena.

Kuku wawili walidonoa kilichomwagika. Baadaye wageni waliwaona wamelala ubavu kando ya ukuta, na lawama zikaisha. Waliondoka na njaa zao, wakiwashika watoto mikono.

Alasiri, Kamachi alilazwa kwenye mkeka. Tabibu alisema kama atapona itajulikana asubuhi. Sivakami alikuwa kando yake, miguu imefungwa vitambaa. Poni alisimama. Nje ya ukuta kijiji kilikuwa kimerudi, kinangoja kiapo kitimizwe.

"Bila macho yangu," Poni alisema, "nani angeshuku?"

"Uliona asubuhi, ukasema mchana," Kamachi alinong'ona. "Ungewahi kusema nisingelala hapa. Shaka bila ulimi wangu ni maneno tu."

"Ulimi wako ulisema, nani aliusikia?" Sivakami alijibu. "Mama aliuita dhambi. Bila mikono hii, sasa hivi tungekuwa tunakusanya kuni za maiti."

"Ni wewe uliyemwaga sadaka ya Mungu," Kamachi alisema.

"Wewe uliyeila!"

"Nyamazeni," alisema Valiama.

Alijua kila mmoja amesema kweli. Alijua pia mumunye lilichumwa na nani, na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Aliyeonja hawezi kupanda mlima. Aliyeungua hawezi. Poni anaweza, lakini je, mtu apelekwe mawe kwa sababu tu yeye ni mzima? Na asipompa yeyote, atakuwa amelidanganya Jua, siku ambayo tayari limekosa chakula chake.

Jua limegusa ncha za mpunga. Valiama amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Wana wake watatu wanamtazama, na hakuna hata mmoja anayemtazama ndugu yake.

Mwiko ni mmoja, wasikilizaji, na giza haliombwi lisubiri. Je, mkono ule ungekuwa wako, ungemnyooshea nani?