Fisi na Vijidudu vya Tumboni

Mwaka ule mvua ilisahau njia ya kuja nyikani. Mto ukabaki mchanga mtupu, na wanyama wakakubaliana kuchimba kisima kwa zamu. Kanga alikuwa akiatamia mayai kumi. Zamu yake ilipofika, Fisi alijitolea kumlindia kiota.

Kanga aliporudi jioni, alikuta mayai matatu.

Simba akaitisha baraza. "Fisi, umekula mayai?"

"Mzee wangu, mdomo ni wangu, shauri si langu," Fisi akajibu kwa upole. "Tumboni mwangu mna vijidudu visivyoonekana. Vikitaka kitu, akili yangu hufuata. Vishitakini vyenyewe."

Wanyama wakatazamana. Nyumbu akakiri kwamba tumbo lake likichafuka, yeye hugombana hata na mashemeji. Simba hakupenda kufikiri kwamba hata yeye, mfalme, ana wapangaji tumboni.

"Basi sina kosa," Fisi akasema. "Hata kesho niko tayari kulinda."

"Nimebakiwa na matatu, jamani!" Kanga akalia. "Na kesho nachimba tena!"

Sungura akainuka taratibu. "Pole sana, Mjomba Fisi. Kumbe unateseka hivyo! Vilianza lini kukusumbua?"

"Tangu alfajiri."

"Na adhuhuri, mfalme alipopita kukagua kiota?"

"Hapo ndipo vilipozidi! Vilipiga kelele kama vyura bwawani."

"Lakini mfalme aliyakuta mayai yote kumi. Hukula mbele yake?"

Fisi akamwinamia Simba. "Mbele ya mfalme? Thubutu! Nina adabu mimi. Niliviambia, 'Nyamazeni!' Vikanyamaza."

"Vilikutii?"

"Mara moja!" Fisi akajibu kwa fahari. Kisha akafunga mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

"Vijidudu vipo, sikatai," Sungura akasema. "Hata mimi ninavyo, na vinapenda sana kunde za watu. Lakini vyenyewe huomba tu. Anayekubali ni mwenye tumbo."

Simba akatoa hukumu. Kanga asichimbe tena, akae na mayai yake. Zamu zake zote achimbe Fisi, chini kabisa shimoni, Tembo akimtazama.

Fisi akachimba huku akilalamika kwamba vijidudu vina njaa, na kiuno kinamuuma. Tembo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha pengine pa kuchimba. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.