Mapigo ya Jora la Bafta

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Wengi wetu tukiisikia methali hii hudhani inamsema mjinga asiyejua thamani ya dawa. Majid hakuwa mjinga. Alikuwa muuza vitambaa katika mtaa wa Asiatique, mjini Bujumbura, katika duka aliloachiwa na baba yake, ambaye naye aliachiwa na babu aliyetoka Omani. Kitambaa kibovu alikitambua kwa kukigusa tu. Alichokificha, alikificha akiwa na akili zake timamu.

Alificha moyo. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kilango kimoja cha moyo wake kimelegea. Ameze vidonge, aache kukimbia, na asichelewe kwenda kufanyiwa upasuaji. Majid alimshukuru kwa adabu, akarudi dukani, akavifukia vidonge ndani ya sanduku la vifungo. Hakumwambia mtu. Alikumbuka jinsi baba yake alivyougua. Tangu habari ilipoenea, wateja waliingia dukani kwa kunyata, wakamsalimia kwa sauti ya chini kama watu wanaopita karibu na jeneza. Mzee yule alizikwa machoni mwa watu kabla ya kuzikwa udongoni. Majid aliapa kwamba yeye hatasalimiwa hivyo.

Tena kulikuwa na filimbi. Kila Jumamosi asubuhi, kilabu cha mbio cha mtaa wao kilipanda mlima wa Gihosha na kushuka, wake kwa waume, kwa safu, wakiimba na kupiga makofi. Aliyetangulia mbele, filimbi mdomoni, alikuwa Majid. Filimbi hiyo aliipenda kama mboni ya jicho lake.

Binti yake wa pekee, Tahani, alikuwa ameolewa huko Gihosha. Mama yake alishafariki, na tangu mafuta ya magari yaadimike hakuweza kushuka mjini kila siku. Kila aliposhuka, alimwona baba yake akisimama katikati ya ngazi na kujifanya anatafuta kitu mfukoni. Siku moja alimshika mkono, wakaenda kwa Huseni, muuza saa wa mtaa uleule wa Asiatique, ambaye naye alikuwa mkimbiaji wa kilabu.

Huseni alianza na saa zenye kioo kinachowaka. Majid alizitazama kwa pembe ya jicho.

"Hizi ni televisheni," alisema. "Mimi nataka saa."

"Basi chukua hii, Mzee Majid." Huseni aliweka mezani saa ya duara yenye mishale ya kawaida. "Kwa juu ni kama ya marehemu baba yako. Kwa chini ina jicho."

Akaigeuza. Mgongoni mwake taa ndogo ya kijani ilikuwa ikipepesa.

"Inahesabu hatua na mapigo ya moyo. Yenyewe inaiambia simu yako, na simu yako inamwambia Tahani kule juu. Wala huichaji kila siku. Umeme uende, urudi, yenyewe haina habari."

"Na hii mishale?"

"Ukibonyeza hapa, inakuonyesha umetembea kiasi gani, halafu inarudi kwenye saa yake. Lakini ikiondoka yenyewe bila kubonyezwa, yote miwili ikalala chini kwenye sita, ujue moyo hauendi sawa."

"Hiyo ndiyo yetu," Tahani alisema, kisha akatoka nje kupokea simu ya mumewe.

Huseni aliinama karibu na sikio la Majid, akacheka. "Usiiogope sana, mzee. Ile taa hutafuta damu inavyopita chini ya ngozi. Ikikosa ngozi, hubahatisha. Juzi niliufungia mkate, ikanitajia mapigo ya mkate!"

Majid alicheka pia. Lakini neno lile lilimkaa.

Siku za mwanzo alifurahia saa yake. Aliwabonyezea wateja, wakastaajabu kuona mishale ikihama na kurudi. Kisha adhuhuri moja, ameketi nyuma ya meza bila kufanya lolote, alisikia kitu kikipapatika kifuani kama ndege aliyeingia chumbani akakosa dirisha. Alitazama mkono wake. Mishale iliondoka mahali pake polepole, ikazunguka, ikalala pamoja chini kwenye sita. Barabarani watu walipita na midomo yao ilisogea, lakini yeye hakusikia sauti hata moja. Baadaye mishale ikainuka, kama watu walioinama kuchungulia shimoni kisha wakaridhika. Sauti za mtaa zikarudi. Simu ikalia.

"Baba, kuna nini? Saa imeniletea onyo."

"Nilibeba majora, binti yangu. Si kitu."

"Basi usikimbie mpaka tuone imetulia. Niahidi, Baba."

Aliahidi. Jumamosi hiyo kilabu kiliondoka bila yeye, na Jumamosi iliyofuata pia. Huseni alipopita dukani alimtania: "Mzee, filimbi tumpe Mama Odette? Ana pumzi kama mvukuto!" Watu walicheka. Majid alicheka kuliko wote, na moyoni akachomwa kama kwa mkuki.

Kwenye baraza ya duka aliketi fundi cherehani wake, Cirimwami, mtu wa Uvira kule Kongo, mwenye kifua kipana na sauti nzito ya kwaya. Majid alimwita ndani, akamweleza habari ya daktari, akavua saa.

"Ivae wewe. Kwa muda tu."

Cirimwami hakuipokea. "Patron, moyo ya mutu haikopeshwe. Apana."

"Nani anakopa moyo? Hii ni saa."

"Tahani ataangalia mi, atasema ni baba yake. Iyo si saa tena."

Hata hivyo walikuwa wamekula pamoja kwa miaka mingi, na Cirimwami hakuzoea kumkatalia. Aliivaa, akaifunika kwa mkono wa shati. Kesho yake Tahani alipiga simu akiwa na furaha. "Baba, moyo wako umetulia kama maji ya mtungi!" Sauti yake ilisikika hadi barazani. Cherehani ikanyamaza, na haikuendelea kwa muda mrefu.

Haukupita muda Cirimwami aliingia na saa kiganjani, ameishika kwa ncha za vidole.

"Kamata kitu yako, patron. Tokea niivae, nikifumba macho nasikia mutu anagonga ndani yangu. Haombe kuingia. Anaomba kutoka." Akaiweka mezani. "Mi niliahidi, sitasema. Lakini we, mwambie mutoto wako."

"Nitamwambia," alisema Majid.

Hakumwambia. Alipobaki peke yake aliukumbuka mkate. Alikifungia saa kitenge, taa ikapepesa na simu haikusema neno. Akajaribu kanga, ikawa vilevile. Akapanda ngazi hadi rafu ya juu, penye jora la bafta nyeupe, kitambaa ambacho watu hawakiulizii bei kwa kuwa hukijia siku ya msiba. Akavuta ncha yake, akaiviringisha hadi ikawa nene kama kifundo cha mkono wa mtu, akaifunga saa juu yake.

Taa ya kijani ilitafuta. Ilitafuta tena. Kisha ikatulia, na simu ikatoa habari: mapigo sabini, moyo mtulivu.

Jora lilikuwa na moyo.

Tangu siku hiyo Majid hakuipenda tena sehemu ile ya duka. Kila alipotoka aliiacha simu yake mezani, karibu na saa, ili habari zisikatike. Jioni alipofunga milango, mwanga wa kijani ulipenya katika mikunjo ya bafta, ukafifia na kuwaka, ukafifia na kuwaka, kama kitu kinachovuta pumzi. Alijikuta akipita chini ya rafu kwa kunyata, na akizungumza na wateja kwa sauti ya chini. Siku alipogundua hivyo alisimama ghafla, kwa maana aliukumbuka mnyato ule na sauti ile. Ndivyo watu walivyokuwa wakimpita baba yake.

"Baba, moyo ni mzuri, lakini mbona hutembei hata kidogo?" Tahani aliuliza siku moja.

"Si wewe uliyetaka nipumzike?"

Tahani akacheka, akamwombea dua.

Ijumaa moja Majid alirudi kutoka msikitini akiwa ameshamwambia Huseni kwamba kesho atakimbia, filimbi wasimpe mtu. Alipoingia dukani aliinua macho. Hapakuwa na mkono wa mtu ndani ya ile saa. Hata hivyo mishale iliondoka kwenye saa yake, ikashuka polepole na kulala kwenye sita, ikikielekea kichwa chake. Majid alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi, jasho likimtoka. Labda taa ilikuwa imebahatisha, kama alivyosema Huseni. Yeye mwenyewe hakuweza kujiaminisha.

Simu ililia.

"Baba, imekuja tena! Niambie kweli. Unaumwa?"

Neno lilimfika ulimini. Lingeweza kutoka. Akaliona duka limejaa watu wanaonyata.

"Nilipanda ngazi kwa haraka, mwanangu."

"Kesho hukimbii?"

"Sikimbii."

Asubuhi ya Jumamosi Tahani alikuwa jikoni akikaanga mandazi ya kumpelekea baba yake. Alitazama simu: mapigo sabini, hatua hakuna. "Alhamdulillahi," alisema moyoni. "Leo amenisikia." Kutoka bondeni ulipanda wimbo wa kilabu, na juu ya wimbo ilipanda filimbi. Alitabasamu akiwaza kwamba kuna mwingine aliyepewa, na kwamba anaipiga vizuri, karibu kama mwenyewe.

Filimbi ikakatika. Wimbo ukaendelea hatua chache bila kiongozi, kisha nao ukavunjika, sauti moja baada ya nyingine. Kukawa kimya. Tahani alitazama simu tena. Sabini. Akageuza mandazi.

Huseni aliingia uani anahema. "Tahani! Njoo, mzee ameanguka!"

"Mzee gani?"

"Baba yako! Hapo chini kwenye kona!"

"Umemfananisha, kaka Huseni. Baba yuko dukani. Tazama mwenyewe, moyo wake ninao hapa."

Huseni alichukua simu. Kwa muda naye aliamini, maana namba ilikuwa mbele ya macho yake, tulivu, nzuri. Karibu aombe radhi. Kisha akaukumbuka mkate, na uso wake ukageuka kijivu.

"Twende," alisema. "Usiulize. Twende!"

Walimkuta Majid kando ya barabara, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya Mama Odette. Wenzake walikuwa wakimpepea na kumnywesha soda, wakidhani ni njaa na jua. Walimbeba hadi zahanati ya karibu.

"Ana ugonjwa gani?" muuguzi aliuliza.

"Hana," Tahani alijibu haraka. "Moyo wake ni mzima. Mimi huutazama kila siku."

Majid alifumbua macho. Alimtazama binti yake, midomo ikasogea, mkono wake mtupu ukapapasa kifua kama anayetafuta kifungo. Hakuna aliyemwelewa. Walipokuja kuelewa, hapakuwa tena na la kufanya.

Mwili ulipopelekwa nyumbani kuoshwa, wazee walisema sanda itoke katika duka lake mwenyewe, kama ilivyofaa. Tahani alikwenda na Cirimwami. Njiani hakulia. Simu ilikuwa kiganjani mwake, na kila alipoitazama, moyo wa baba yake ulikuwa ukidunda. Hakumwonyesha mtu. Aliogopa akiionyesha, utasimama.

Cirimwami alifungua mlango. Duka lilikuwa na giza na harufu ya vitambaa vipya. Kwenye rafu ya juu, ndani ya weupe, kitu cha kijani kilikuwa kikifumba na kufumbua.

"Ni nini kile?" Tahani alinong'ona.

Cirimwami alipanda ngazi, akateremsha jora kwa mikono miwili, kama mtu anayeteremsha mtoto aliyelala. Alipoiona saa, alililaza jora mezani.

"Alinipa mi kwanza," alisema. "Nikaivaa, kisha nikamurudishia. Sikujua aliipa hii." Akafungua sanduku la vifungo, alilolifungua kila siku kwa kazi yake, akachimba kwa vidole hadi vidonge vikaonekana, vimejaa kama vilivyotoka kwa daktari. "Moyo ilikuwa inamusumbua tangu zamani, mama. Alikataza niseme."

Tahani aliweka kiganja juu ya bafta. Ilikuwa baridi. Kwenye simu, mapigo sabini. Mishale ilionyesha saa sahihi kabisa, alasiri inakaribia, na watu walikuwa wanangoja. Alifungua mkanda, akaivua saa polepole. Taa ya kijani ilitafuta hewani. Ilitafuta tena. Kisha ikazimika, na simu ikaandika kwamba hakuna mapigo.

Hapo ndipo alipolia.

Cirimwami alichukua mkasi. Aliikunjua ile ncha, bado ina mikunjo ya mahali saa ilipoibana, akakata. Usiku na mchana Tahani alikuwa ameusikiliza moyo wa sanda akidhani ni wa baba yake, na habari ya vidonge ilipofika msibani, watu wote waliokuja kuzika siku ile walilijua lile ambalo Majid hakutaka hata mmoja alijue. Kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.