Sauti ya Bibi Sekela Katika Jabali la Lwifa

Zamani, lile jabali linalolitazama Ziwa Lwifa lilikuwa bubu. Ungesimama ukingoni mwa ziwa ukapiga kelele mpaka koo likauke, nalo lisikujibu hata kidogo. Sauti yako ilikwenda, ikavuka maji, ikapotelea hukohuko, basi. Leo ninyi mmefika na mahema yenu, na watoto wenu wameshinda wakilitajia majina yao kwa sauti na kulicheka kila linapowajibu. Waacheni wacheke, mtoto halaumiwi. Lakini mtu mzima anayelala ufukweni hapa anapaswa kujua ile sauti ni ya nani.

Siku hizo hapakuwa na hifadhi, wala geti, wala askari wa kuwakataza watu kuwasha moto ovyo. Watu walikuja vilevile. Maharage yakishavunwa, kila nyumba ilifunga mizigo yake ikashuka ziwani kwa siku chache, kuogelea, kuvua perege, kuchoma ndizi, na kukaa tu bila jembe mkononi. Njia ni hii hii mliyopita ninyi, njia ya mchezo, mtoto anaimaliza akiimba. Wenyewe walikuwa na desturi yao ya kutembea. Mwenye mwendo wa polepole kuliko wote ndiye aliyetangulia, na wengine wakafuata mwendo wake, wapende wasipende. Na kwa kuwa ukungu wa ziwa hili hauna adabu, hushuka bila kubisha hodi, mmoja wao aliuliza kwa sauti, "Tupo?" na aliye nyuma kabisa akaitikia, "Tupo!" Wakisikia hivyo, hawakugeuka, waliendelea na safari.

Basi palikuwa na mwanamke mmoja, Tumpe, mchapakazi na mkarimu wa kweli, ila kuchekwa alikuwa hakuwezi. Mwaka mmoja nyumba yake ilichelewa kufika ziwani, kwa sababu aliyetangulia alikuwa mama yake mzazi, Bibi Sekela, aliyekuwa akiishi naye tangu bibi huyo afiwe na mume. Bibi Sekela alikuwa na goti bovu. Walipofika, ufuko wa mchanga chini ya mkuyu, penye upepo mzuri kuliko pote, ulikuwa umeshachukuliwa na mawifi zake Tumpe. Yeye na watu wake wakalala kwenye matete, wakaliwa na mbu, na asubuhi mawifi wakaja na uji na vicheko vyao: "Jamani, kumbe na ninyi mlikuwa mnakuja?" Maneno hayo yalimkaa Tumpe rohoni mwaka mzima. Kila alipopalilia, aliyakumbuka.

Mwaka uliofuata aliamka mapema akafunga mizigo kabla ya jogoo kujua kama kumekucha. Walipofika mwanzoni mwa njia, Bibi Sekela akashika fimbo yake, akapita mbele kama kawaida. Tumpe akamgusa bega.

"Mama, leo wewe kaa nyuma. Utakuwa mwitikiaji wetu. Una sauti nzuri."

Mama akamtazama mwanawe. Alimzaa mwenyewe, alimjua mpaka ndani ya mifupa. Mume wa Tumpe, Gwakisa, akajikohoza kidogo, kisha akainama kuchukua nyavu. Na hapo ndipo alipopaswa kusema.

"Haya, mwanangu," Bibi Sekela akajibu. "Tangulieni."

Wakaenda. Ee, walikwenda! Tumpe mbele na mzigo kichwani, Gwakisa na nyavu, na binti yao mdogo, Kissa, akikimbia huku na huku, mara kwa mama, mara kwa bibi. Ukungu ukashuka ukafunika njia. "Tupo?" Tumpe akauliza. "Tupo!" ikaitika sauti nyuma. Roho ikamtulia, akaongeza mwendo. Aliuliza tena walipopita kona ya juu ya jabali, akajibiwa. Akauliza walipoanza kuteremka, akajibiwa. Kama sauti ilisikika mbali kidogo, Tumpe alijiambia ni ukungu. Mtu akitaka kufika hakosi la kujiambia.

Wakaukuta ufuko mtupu. Hakuna mtu, hakuna hata nyayo. Tumpe alicheka peke yake kwa furaha. Akatandika mkeka wa mama yake kwanza, pale penye kivuli kizuri kabisa, akaulainisha mchanga chini yake kwa mikono ili goti lisiumie. Msimwone mbaya. Alimpenda mama yake, na alikuwa ameshapanga kumpikia perege wa kwanza atakayetoka majini.

"Tupo?" akaita, ili amwonyeshe mahali pake.

"Tupo!"

Sauti ilitoka juu, juu kabisa, ng'ambo ya maji.

Tumpe akasimama. "Kissa, bibi yako yuko wapi?"

Mtoto akainama, akaanza kuchorachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Amekaa kwenye kona kule juu. Goti limekataa. Akasema nisikwambie, maana utarudi, na ukirudi utakosa mchanga wako. Akasema ataitikia kutoka hukohuko."

Tumpe hakungoja kusikia zaidi. Alikimbia ile njia yote ya kupanda, akikwaruzwa na vichaka, akiita, "Mama! Tupo?" Na kila alipoita alijibiwa, "Tupo!" kwa sauti ile ile ya uchangamfu, sauti ya mtu asiyetaka kumharibia mwenzake siku. Maskini, hakujua kwamba mama yake, ili asikike kule chini, alikuwa amejikokota hatua kwa hatua kutoka kwenye jiwe alilokalia hadi ukingoni, na kwamba kila swali lilikuwa likimsogeza mbele kidogo.

Alipofika kwenye kona, alikuta kikapu cha ndizi na fimbo imeegemezwa vizuri kwenye jiwe. Ukingoni, majani yalikuwa yamelala. Bibi Sekela hakuwepo. Gwakisa alipiga mbizi mpaka midomo ikawa ya bluu, mawifi wakafika wakapiga mbizi nao, wala hawakupata hata kipande cha kanga. Ziwa halikumchukua. Jabali ndilo lililomchukua.

Tumpe akapiga magoti pale ukingoni, akaita kwa mazoea tu, bila tumaini lolote, "Tupo?"

"Tupo!" ikatoka ndani ya mwamba.

Akashtuka. Akauwekea mwamba sikio, akaupapasa kama anayetafuta mlango. "Mama, nisamehe!" akalia.

"Nisamehe!" sauti ikajibu.

Akasema tena, na tena. Alichotaka ni neno moja tu, la kwamba amesamehewa, na neno hilo hakulipata. Alirudishiwa lake mwenyewe, kwa sauti ya mama yake, kana kwamba yule mzee ndiye anayeomba radhi kwa kutembea polepole. Hilo ndilo lililomvunja.

Siku ile ufuko wa mchanga haukulaliwa na mtu. Mawifi walijibanza kwenye matete pamoja na Tumpe, hakuna aliyetaka mkeka ule uguswe. Miaka ikapita, Kissa akawa mwanamke mzima, na magoti ya Tumpe nayo yakachoka. Siku moja, mwanzoni mwa njia, Kissa akamwambia, "Mama, pita mbele." Tumpe akapita, akalia njia nzima. Watoto walio nyuma yake hawakuelewa, lakini hakuna aliyemhimiza.

Na tangu siku alipopotea Bibi Sekela, jabali la Lwifa limekuwa likiitikia, na haliwezi kukupa neno usilolitamka wewe kwanza. Na tangu siku hiyo watu wa hapa hawajaivunja tena desturi yao: awe mzee, awe mgonjwa, awe mtoto wa kunyonya na mama yake, mwenye mwendo mdogo humpitisha mbele hata kama mvua inawanyeshea. Kesho mtakunja mahema yenu mrudi. Bibi yenu mliyekuja naye, yule pale, ameshaanza kutafuta fimbo yake. Kama kuna jambo la kumwambia, mwambieni njiani, angali na uwezo wa kuwajibu.