Kodi Ambayo Worku Hakuidai

Ndugu wawili walikuwa na nyumba ya kuonjea kahawa. Ilikuwa katika mji mdogo chini ya mlima, nyuma ya stesheni ya reli ambayo ilikuwa imeshaacha kupokea abiria. Mkubwa aliitwa Worku, mdogo Tadele. Walikuwa Wahabeshi, na kampuni yao iliandikishwa kwao Addis Ababa. Hapa mjini palikuwa na tawi tu. Sisi wenye umri wangu tunaikumbuka harufu ya nyumba ile. Saa nne asubuhi, buni zilipoanza kukaangwa, harufu ilivuka barabara ikaingia katika darasa nililokuwa nafundisha. Watoto walinyanyua pua, nami niliwaacha wainuse kabla ya kuendelea na somo. Siku hizi pale pana duka la vigae. Nikipita, bado napunguza mwendo.

Kazi yao ilikuwa hivi. Wanunuzi wa nchi za mbali walitaka kujua, kabla ya kununua mzigo, kama kahawa ni njema au imeharibika. Basi gunia lilifunguliwa, konzi moja ya buni ikakaangwa na kusagwa, na wanawake sita wakaizunguka meza ndefu yenye vikombe, kila mmoja na kijiko chake. Walifyonza kwa mlio uliosikika hadi nje, wakatema, wakaandika. Taarifa ilikwenda ng'ambo, malipo yakaja. Aliyewaongoza wenzake alikuwa mjane mmoja, Mama Foibe. Huyu aliweza kuonja kijiko kimoja akakuambia kwamba gunia lililala karibu na mafuta ya taa, au kwamba buni zilinyeshewa siku ya pili ya kuanikwa. Ili asiuchafue ulimi wake hakula pilipili, na ili asiichafue pua yake hakujipaka manukato hata siku ya harusi ya mdogo wake. Mshahara wake ulimsomesha binti yake, Foibe, katika chuo cha uuguzi.

Watu waliuliza kwa nini Wahabeshi hawa walikuja kufungua tawi katika mji wetu wakati miji mikubwa ipo. Sababu ilikuwa ya zamani. Baba yao, dereva wa lori, alikimbia vita na wanawe wawili, akaingia hapa akiwa na shati alilolivaa. Fundi seremala mmoja akampa chumba. Shule ikawapokea watoto bila kuuliza vyeti. Majirani walileta ndizi na maziwa mpaka baba alipopata kazi. Walikaa miaka sita, kisha wakarudi kwao. Worku alipokuwa mtu mzima mwenye uwezo, akaurudia mji huu. Kila Jumapili alitembea katika mtaa aliokulia, akiwaonyesha watu mahali palipokuwa na bomba la maji, na ukuta walioupigia mpira, na dirisha alilolivunja akasamehewa. Vitu hivyo vingi vilikuwa vimeshaondoka, lakini yeye aliviona. Aliupenda mji huu kuliko sisi tuliozaliwa ndani yake.

Sasa sikilizeni habari ya kodi, maana humo ndimo walimopatwa. Sheria ilisema kwamba huduma inayofanywa hapa na kwenda kutumika nchi nyingine hutozwa kodi ya ongezeko la thamani kwa kiwango cha sifuri. Kwa hiyo ndugu hawa hawakumtoza mnunuzi wa ng'ambo hata senti moja ya kodi. Lakini wao wenyewe walipolipia umeme, na gesi ya kukaangia, na pango la nyumba, na fundi wa mashine, kila ankara ilikuwa na kodi hiyo ndani yake, nao waliilipa. Mfanyabiashara mwingine hujifidia kwa kodi anayowatoza wateja wake. Wao hawakuwa na mtu wa kumtoza. Sheria ililijua jambo hilo. Ilisema kampuni ya namna hiyo, iwe ya mwenyeji au ya mgeni, ilete risiti zake na kuomba, nayo itarudishiwa ilichokilipa. Isipoomba, hairudishiwi. Na ikikaa miaka mitatu bila kuomba, haki ya mwaka ule imekwisha.

Worku alikuwa mtu mwaminifu. Kila mwezi alijaza ritani, ile fomu ya kutangaza kodi, kwa mkono wake, akaipeleka kabla ya siku ya mwisho. Kila risiti aliitunza, mwezi kwa mwezi, katika maboksi yaliyopangwa ukutani. Lakini alipofika kwenye kisanduku cha kuomba marejesho, alipiga mstari. Alisema moyoni, nchi hii ilitupokea bila kitu, nitasimamaje mbele yake na kusema nirudishie? Akaona kwamba huko ndiko kushukuru. Tadele, aliyekuwa mhasibu, aliijua sheria kuliko kaka yake. Mwaka wa kwanza alianza kulisema jambo hilo. Worku akamtazama vile baba yao alivyokuwa akiwatazama walipotaka kuongezewa chakula katika nyumba ya watu. Tadele akanyamaza, na kimya chake kikadumu miaka kumi na mmoja.

Ukaja mwaka mbaya. Wanunuzi wa ng'ambo walipunguza malipo, na bei ya gesi ikapanda. Worku alikaa na vitabu vyake siku tatu, akaona hawezi kuwalipa wanawake wote sita. Watatu walipaswa kuondoka, na kwa kuwa mshahara wa Mama Foibe ulikuwa mkubwa kuliko wa wenzake, jina lake likawa la kwanza. Akamwita ofisini.

"Nimekosea wapi, Bwana Worku?" Mama Foibe aliuliza.

"Hujakosea, Mama Foibe. Fedha imepungua."

Mama Foibe aliwaaga wenzake, akanawa mikono, akatoka. Tadele alikuwa chumba cha pili na mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amepiga hesabu siku ile ile. Kodi ambayo hawakuidai kwa mwaka mmoja ingewalipa wanawake wote watatu, na kiasi kingebaki. Alisimama na karatasi ile mkononi mpaka aliposikia lango la nje likifungwa, kisha akaichana.

Tangu siku hiyo nyumba ile ilibadilika. Harufu ilikuja bado, lakini si kila siku, na ule mlio wa vijiko ulipungua nguvu. Wanunuzi wawili walilalamika kwamba taarifa hazikuwa sahihi kama zamani. Worku aliacha matembezi yake ya Jumapili.

Baada ya miaka miwili akaja ofisa wa kodi kwa ukaguzi wa kawaida. Aliitwa Bi. Siaeli, mwanamke mtaratibu, mwenye miwani. Alikaa na maboksi yale siku mbili. Alasiri ya siku ya pili akawaita wale ndugu wawili, akawawekea mbele yao ritani moja.

"Nimekagua kampuni nyingi," alisema. "Sijaona risiti zilizotunzwa hivi. Mbona hapa pana mstari kila mwezi?"

Worku akamweleza. Alimsimulia habari za baba yake, na seremala, na chumba, na shule. Alisimulia kwa utulivu, kama mtu anayetoa hati yake ya kujitetea na kuwa na hakika nayo. Bi. Siaeli akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Bwana Worku, aliyekupa chumba ni seremala. Wanawe wapo, ungeweza kwenda kuwashukuru. Hii uliyoiacha kwetu ni kodi ambayo sheria yenyewe inasema isikae kwetu. Tungekupa, ungeomba tu. Sasa naweza kupokea maombi ya miaka mitatu. Ile minane ya nyuma siwezi kuigusa, hata nikitaka."

Siku ile ndugu wale walirudi nyumbani kwa miguu. Walipofika darajani Worku akasimama.

"Ulijua?"

"Nilijua, kaka."

"Hata siku ile ya Mama Foibe?"

"Siku ile nilikuwa na hesabu mkononi."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaniona nimekosa adabu."

Worku alitaka kukasirika akashindwa, kwa sababu aliiona sura yake mwenyewe katika mdogo wake. Mmoja alikuwa ameona haya mbele ya nchi, mwingine mbele ya kaka, na wote wawili walikuwa wameiita haya hiyo kwa jina zuri.

Waliandika maombi. Barua zilikwenda na kurudi. Waliombwa mikataba ya wanunuzi, ili ithibitike kwamba taarifa zile kweli zilitumika nje ya nchi. Waliombwa ushahidi wa malipo kutoka benki. Boksi moja lilihesabiwa mara mbili. Yote yalikuwapo. Baada ya miezi minane fedha ya miaka mitatu ikaingia, kamili. Ile ya miaka minane haikuja, wala hawakuiulizia tena. Asubuhi iliyofuata Worku alivaa koti lake la kanisani, akapanda njia ya mlimani kwenda kumtafuta Mama Foibe.

Alimkuta katika jiko la shule ya sekondari, akipika kwa wanafunzi mia tatu. Moshi ulikuwa mwingi. Alikuwa amekonda, na mwiko alioushika ulikuwa mrefu kama yeye. Alimkaribisha kwa heshima, akamfutia benchi. Worku hakukaa. Alimweleza yote akiwa amesimama. Alisema kwamba fedha ya mshahara wake ilikuwapo siku zote, imelala mahali ambapo angeweza kuipata kwa kuandika mstari mmoja. Akasema hakuandika kwa sababu alitaka kuishukuru nchi iliyomlea. Kisha akamwomba arudi.

Mama Foibe aliugeuza ugali, akaupiga, akaufunika. Akajifuta uso kwa kanga.

"Shukrani yako ilikuwa nzuri, Bwana Worku," alisema. "Lakini aliyeilipa ni mimi."

Ndipo Worku alipokaa. Mama Foibe akamwambia habari za Foibe, kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma orodha. Binti aliacha chuo akiwa mwaka wa pili. Sasa alikuwa akipima maziwa katika kituo cha ushirika, na vitabu vyake vya uuguzi alikuwa amempa rafiki, kwa sababu kuviona kulimuumiza. Kuhusu yeye mwenyewe kurudi mezani, Mama Foibe alisema haiwezekani. Karibu miaka mitatu alikuwa amekula chumvi na pilipili za jiko la shule, na moshi ulikuwa umeingia puani. Jumapili moja alijaribu kuonja kahawa nyumbani, akakisia shamba, akakosea. Alilisema hilo akitabasamu, kisha akageuka kwenye sufuria, akakaa amegeuka muda mrefu kuliko sufuria ilivyohitaji.

Worku alimlipa mishahara ya muda ule wote, naye aliipokea bila kukataa na bila kushukuru kupita kiasi, kama mtu anayepokea chake. Foibe alirudi chuoni, akakaa darasa moja na wasichana waliomwita dada. Akawa muuguzi, wengine wenu amewazalisha. Wale wanawake wawili wengine walioachishwa, mmoja alirudi mezani, mwingine alikuwa ameshahama na mume wake. Tadele ndiye aliyejaza ritani tangu mwezi ule, na kila mwezi aliomba kilichopaswa kuombwa, akamsomea kaka yake kwa sauti kabla ya kuipeleka. Worku aliwatafuta watoto wa seremala akawakuta wawili, akakaa nao mchana kutwa wakimzungumzia baba yao. Nyumba iliendelea miaka tisa zaidi. Taarifa zake zilikuwa nzuri, lakini waliozijua siku za Mama Foibe walisema hazikufikia zile. Kisha ndugu wale wakazeeka, wakarudi kwao, wakazikwa huko.

Nimeifundisha habari hii mara nyingi, na kila mara mtu huniambia kwamba Worku alikuwa mtu mwema. Ni kweli, alikuwa mwema. Nilimfahamu, nami hadi leo nikisikia harufu ya buni zikikaangwa mahali namkumbuka yeye na koti lake. Lakini nawauliza ninyi mliokaa hapa, mnaoona haya kuomba mlichoahidiwa, na kujiona wanyenyekevu kwa sababu hiyo: nyumbani kwenu, nani anaulipa unyenyekevu huo?