Gari la Kutorudi Nyuma

Mkulima mmoja wa mapeasi, jina lake Shemweta, aliishi mlimani na alikuwa na gari dogo. Lilimtosha. Lilibeba matenga yote aliyovuna kwa siku, na nafasi ya mkewe Zaina ilibaki. Msimu wa mavuno alishuka nalo kila asubuhi hadi njia panda, ambako lori la kwenda pwani lilichukua matunda ya watu wote. Lori lile halikumngoja mtu. Peasi lililochelewa lilikuwa chakula cha mbuzi.

Barabara ya kushuka ilichongwa ubavuni mwa mlima, huku jabali, huku korongo. Magari yaliweza kupishana pale tu ilipopanuliwa, na mahali hapo palikuwa pachache. Kwa hiyo watu wa mlimani walikuwa na desturi: magari yakikutana pembamba, dogo hurudi nyuma, kwa kuwa ni rahisi kulirudisha. Desturi hiyo ilianzishwa kwa nia njema, na kwa muda mrefu haikumwumiza mtu. Makubwa yalikuwa mawili matatu tu.

Kisha mwenye duka la mbolea akanunua pikapu kubwa. Jirani yake, aliyechoka kumpisha, akanunua nyingine. Wengine wakafuata. Shemweta akawa anarudi nyuma kona hadi kona, na wenye pikapu wakitoa vichwa dirishani.

"Haya, kibiriti, rudi! Rudi, baba, wenzako tuna haraka!"

Kicheko angekivumilia. Lakini ilikuja wiki ambayo kila alipofika njia panda, lori lilikuwa limeshaondoka. Akamwambia mkewe kwamba wanahitaji gari kubwa.

"Mapeasi yetu hayajaongezeka, Baba Kupaza," Zaina akasema. "Gari liongezeke la nini?"

Hata hivyo Zaina mwenyewe alikuwa ameyaona mapeasi yakiozea uani, na hakubisha tena. Wakauza shamba la bondeni, lile lenye miti iliyozaa kuliko yote, wakanunua pikapu kubwa kuipita ya mwenye mbolea. Matenga yao sasa yalijaza nusu ya nyuma yake. Lakini msimu ule wote Shemweta hakurudi nyuma, wala hakuachwa na lori. Siwezi kusema alikosea hesabu.

Waliobaki na magari madogo walimpisha yeye, na wao pia wakaanza kuachwa. Wa mwisho wao alikuwa Kaoneka, jirani ambaye watoto wake walikula kwa Shemweta kama kwao. Msimu uliofuata, naye alirudi kutoka mjini na pikapu.

Asubuhi moja Shemweta alikuwa akishuka na mapeasi. Kaoneka alikuwa akipanda kufuata matenga yake. Wakakutana kwenye kona nyembamba kuliko zote. Magari yalilingana. Desturi haikuwa na neno kwa jambo kama hilo. Nyuma ya kila mmoja pikapu nyingine zilisimama, moja baada ya nyingine.

Shemweta akamwomba jirani yake arudi kidogo tu, kwa kuwa yeye ana mzigo. Kaoneka akazima injini.

"Ndugu yangu, nimerudi nyuma miaka yote nikiwa na dogo. Hili sikulinunua ili nirudi."

Maneno yale yangeweza kutoka kinywani mwa Shemweta. Naye akazima injini. Wakakaa wakitazamana kupitia vioo, watu wawili wasiochukiana, hadi waliposikia kutoka chini honi ya lori, kisha mngurumo wake ukienda zake pwani.

Mjini, muuza magari aliona kwamba makubwa yananunuliwa na madogo yanakaa. Akasema watu wa mlimani wanapenda magari makubwa, akaacha kuleta madogo. Alivyoona ndivyo alivyosema. Hakuwahi kupanda ile barabara, na hakuna mnunuzi aliyemsimulia.

Msiwacheke watu hawa, ninyi mlionisikiliza. Nijibuni tu: kesho lori litakapokuja, ni nani kati yao atakayethubutu kuwa wa kwanza kushuka na gari dogo?